Eti "jifunze kutumia mkono wa kulia"! Huyu mtu wa IT ana nini na mimi?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, wa kushoto zaidi.

Mnamjua. Funguo kiunoni kama bwana jela, flashi shingoni. Ukimwita anasema "nakuja", unabeba mimba, unazaa, mtoto anaanza darasa la kwanza, bado anakuja.

Mimi ni mashoto. Miaka sita nimegeuza vitufe vya mausi, nabofya zangu kimyakimya. Jumamosi kazipiga Windows upya mashine zote, leo nawasha, vitufe vimerudi vya watu wa kulia. Naingia setingi nigeuze. Weupe! Kama nyumba iliyohamwa usiku. Mausi hakuna, sauti hakuna, skrini hakuna. Umebaki ukurasa mmoja tu wa kuniambia kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Najua baba, ndiyo maana Excel inafunguka kama geti lenye kutu.

Nikamwita. Kaja saa nne na nusu na andazi mkononi. Mbele ya bosi, mbele ya uhasibu wote, akaniambia: "Dada, jifunze kutumia mkono wa kulia."

Jifunze! Mkono wa kulia! Mama yangu mzazi alishindwa. Mwalimu na fimbo yake ya mpera alishindwa. Leo mtu mwenye andazi! Na hilo andazi, wakuu, alilishika kwa mkono wa KUSHOTO. Uhasibu walicheka mpaka mmoja akapaliwa chai.

Povu ruksa.

Kitumbua Baridi: Siti ya mbele. Andazi lilikuwa la nazi?

Mzee wa Stoo: Mleta uzi, kipanya kikikushinda panda mwendokasi.

Fundi Waya: Niwatetee kidogo wenzangu. Watumiaji mnabadilisha saa, mnafuta printa, halafu mnatuita sisi. Ila huyo kavuka mpaka. Kuna sera, yaani kanuni ambayo msimamizi anaiwekea mashine, inaitwa Settings Page Visibility, ipo tangu Windows 10 toleo la 1703, mwaka 2017. Ukitaka kuficha kurasa chache unaandika hide: na majina yake. Yeye inaonekana kaandika showonly:about, yaani "onyesha huu tu", ule wa taarifa za mashine. Angeandika showonly:about;mousetouchpad, ukurasa wa mausi ungebaki na dada asingelia. Neno moja tu! Hebu bonyeza Windows na R, andika main.cpl, ndiyo mlango wa zamani wa setingi za mausi.

Mleta uzi: Nimejaribu. Inasema kuna vizuizi, wasiliana na msimamizi wa mfumo. Msimamizi wa mfumo ndiye mwenye andazi!!!

Fundi Waya: Basi kafunga na mausi ya Control Panel, zile setingi za zamani. Huyo kakomea mlango na dirisha.

Binti wa Faili: Afadhali wewe. Kwetu wamefunga picha ya nyuma ya skrini, ni mkurugenzi anatabasamu. Siku nzima ananitazama. Nikifungua gazeti la udaku najihisi nafumaniwa.

Mzee wa Stoo: Kwetu kila kitu kiko wazi. Kuna mtu kageuza lugha ikawa Kichina, wiki ya pili hii. Nafungua mafaili kwa kukariri michoro. Fungeni tu.

Kitumbua Baridi: Hamjajibu kuhusu nazi.

Mleta uzi: Jamani, mkono wa kulia! Mbele ya bosi!

Fundi Waya: Akikubali kurekebisha mwambie apige gpupdate /force palepale, ni amri ya kuilazimisha mashine isome sera mpya. Asipopiga, mashine inajisomea sera mpya kila baada ya dakika 90, na inaweza kuongeza hadi 30. Akisema "subiri kidogo" ujue ni mpaka saa mbili nzima.

Binti wa Faili: Saa mbili ni kidogo. Rimoti ya kiyoyozi chetu iko kwenye droo ya mtu wa utumishi tangu mwezi wa tatu. Kaweka 16, sisi tunavaa makoti Dar es Salaam.

Mzee wa Stoo: 16?? Sisi rimoti ipo, betri ndiyo zimehamishiwa kwenye saa ya ukutani ya bosi.

Mleta uzi: Uzi wangu lakini

Kitumbua Baridi: Binti wa Faili, hiyo ofisi ya baridi mna nafasi ya kazi? Huku feni moja, watu tisa, na inamgeukia bosi tu.