Chama chetu kinunue tiketi 60 za droo ya pikipiki?

MamaKibuye: Hamjambo wadau. Niko Kisumu, chama chetu kina akina mama 14. Kuna droo inauzwa hapa sokoni, tiketi ni shilingi 200. Zawadi ni pikipiki moja, simu tatu, halafu "zawadi za kutia moyo", ambazo ni vikombe. Muuzaji anasema tiketi moja kati ya kumi inashinda. Mweka hazina wetu anataka tutoe 12,000 kwenye kapu tununue 60, pikipiki ikija tuipe kijana aendeshe boda. Nimegeuza tiketi nikakuta maandishi madogo kama siafu. Nisaidieni kabla ya kikao cha Jumapili.

Ochi_wa_Kondele: Nunueni zinazofuatana namba, mama. Binamu yangu alishinda hivyo.

Mwalimu_Ahero: Ochi, acha. Ikiwa droo ni ya haki, namba zinazofuatana na zilizotawanyika nafasi yake ni ileile.

Mama, hiyo "moja kati ya kumi" ndiyo mtego wenyewe. Tuseme wamechapisha tiketi 10,000. Washindi ni 1,000: mmoja wa pikipiki, watatu wa simu, na 996 wa vikombe. Kwa tiketi 60, nafasi yenu ya pikipiki ni takriban moja kati ya 167. Vikombe tarajieni kama sita. Vikombe sita kwa 12,000!

Tuthamini zawadi zote: pikipiki 180,000, kila simu 15,000, kikombe 100. Jumla ni 324,600. Gawanya kwa tiketi 10,000, upate shilingi 32 na senti kidogo. Unalipa 200 kwa kitu cha wastani wa 32. Na hayo ni kama zimechapishwa 10,000 tu. Zikiwa 20,000 na pikipiki ikibaki moja, nafasi yenu inakatika nusu. Hebu tuandikie yaliyo nyuma ya tiketi.

MamaKibuye: Naandika yalivyo: "Mratibu anaweza kuongeza idadi ya tiketi bila taarifa. Zawadi yaweza kubadilishwa kwa fedha kulingana na mauzo. Gharama za kuhamisha umiliki ni za mshindi. Zawadi isiyodaiwa kwa siku 14 inarudi kwa mratibu. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Mwalimu_Ahero: Basi hesabu yangu haina kikomo cha chini. Tiketi zinaweza kuongezwa hata kesho. Na hilo la "kulingana na mauzo" maana yake wakiuza chache, mnaweza kupewa bahasha badala ya pikipiki, na kiasi wanapanga wao.

Nyar_Siaya: Dada, soma tena hizo siku 14. Mimi niliwahi kushinda jokofu, nikajua wiki tatu baadaye. Walikuwa wamebandika majina ofisini kwao, hakuna aliyenipigia. Uliza matokeo yatatangazwa wapi, na ni jina la nani linaandikwa kwenye kipande cha tiketi. La mweka hazina? Hapo ndipo vyama huvunjika.

BabaTwins_Nax: Uliza pia kibali. Hapa Kenya kuendesha bahati nasibu ya umma bila kibali ni kosa. Namba ya kibali isipoonekana kwenye tiketi, mimi ningeondoka. Ila kama ni ya kujenga zahanati, toeni 500, muziite mchango, msahau.

Ochi_wa_Kondele: Lakini si afadhali hii kuliko ile ya kubahatisha namba 6 kati ya 49?

Mwalimu_Ahero: Ile ni moja kati ya 13,983,816. Kuwa afadhali kuliko hiyo si sifa, Ochi.

MamaKibuye: Asanteni sana. Nimempigia muuzaji nikamuuliza tiketi ngapi zimechapishwa. Kajibu, "Nyingi, mama, usijali." Kibali eti kiko kwa bosi. Nimemwambia mweka hazina kapu halifunguliwi kabla sijakiona. Amenuna; kumbe huyo kijana wa boda ni mwanawe, na kofia ameshanunua.