Maji ya bomba Mwanza: kwako unayanywaje? Tupeane uzoefu

Nyegezi Kona

Wakuu, mwangaluka.

Tangu mtambo wa kusafisha maji wa Butimba (uwezo wake lita milioni 48 kwa siku) uanze kusaidiana na ule wa Capri Point, kuna mitaa ilikuwa inasikia habari za maji tu, leo inafungua koki yanatoka. Sasa yakishatoka, yanafika kwenye kikombe yakiwa na nini ndani? Hapo ndipo nataka tupeane uzoefu.

Naanza na kwangu. Mama mkwe wangu hanywi maji yenye harufu ya dawa. Anayakinga, anayaacha kwenye ndoo wazi hadi harufu iishe, ndiyo anakunywa. Mimi ikinukia kidogo nashukuru Mungu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji yafike kwa mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili vijidudu vikiingia njiani vikute dawa ipo. Ukiyaacha wazi, dawa inapotea, halafu mikono ya watoto na vikombe vinaingia humohumo. Lakini mama mkwe haambiwi hivyo, wote mnajua. Nimenunua ndoo yenye kifuniko na koki, nikampelekea kama zawadi ya sikukuu. Ameipenda.

Haya, nani amewahi kupima? Nani aliugua akajua chanzo? Karibuni.

Fundi wa Igoma

Mkuu umeanzia kwenye ndoo, mimi niko kwenye bomba kila siku, ngoja niseme ninachokiona.

Maji yakitoka mtamboni yamesafishwa. Shida inaanzia mtaani, na hasa kwenye kipande cha kutoka bomba kubwa hadi kwako, ambacho umekilipia wewe na ukamtafuta fundi wa bei rahisi. Nimefukua mipira imelala ndani ya mtaro wa maji machafu, imeungwa kwa kamba ya tairi. Maji yakiwa na presha, ufa unavujisha kwenda nje, wewe unalalamikia bili tu. Siku ya mgao bomba likibaki tupu, ufa uleule unavuta cha nje kuingia ndani. Yakirudi, ya kwanza yanakuja na rangi ya chai ya mkandaa.

Huko milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo, mwamba hauchimbiki. Bomba linapita juu ya jiwe, na choo cha jirani kiko juu yake. Masika ikipiga wapo wanaotapisha vyoo usiku, na kila kitu kinashuka na mvua kuelekea mto Mirongo na ziwani. Hapo ndipo mabomba ya kukusanya majitaka yaliyowekwa baadhi ya milima hiyo yalisaidia kuliko mahubiri yote ya usafi niliyowahi kuyasikia.

Na ninyi mliofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili mjaze simtanki haraka: mnanyonya uchafu wa mtaa mzima. Jaza tanki la chini kwa presha ya kawaida, pampu ivute kutoka kwenye tanki hilo. Maji yakirudi baada ya mgao, ya mwanzo mwagilia mchicha, usiyaruhusu yaingie kwenye simtanki.

Mama Pacha

Asante fundi. Mimi niko pembezoni huku Buhongwa, bomba lilichelewa kutufikia, tulikuwa na kisima kifupi cha uani. Maji meupe, baridi, hayana ladha yoyote. Pacha wangu walikuwa wanatumia maziwa ya kopo kwa sababu yangu yalikuwa hayatoshi wote wawili. Nilikuwa nachemsha, nachuja, naweka kwenye chupa ya chai, nikijiona nimemaliza kazi.

Nesi mmoja kliniki akaniuliza kisima kiko umbali gani na choo. Nikamwambia hatua chache tu, kiwanja chenyewe kidogo. Akanieleza habari ya nitreti: inashuka kutoka kwenye vyoo na samadi hadi kwenye maji ya chini, haionekani, na mtoto mchanga wa chupa anaweza kukosa hewa kwenye damu hadi akabadilika rangi. Mwisho ni miligramu 50 kwa lita. Kilichonitoa jasho ni kwamba kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea.

Watoto hawakupata shida, namshukuru Mungu. Siku hiyohiyo nikaanza kununua madumu ya maji ya bomba kwa ajili ya maziwa yao. Kisima kikabaki cha kufulia na kudekia.

Kirumba Asilia

Mi nakunywa bombani hivyohivyo tangu nimezaliwa, mbona mzima? Mnajitesa na mkaa.

Koti Jeupe

@Kirumba Asilia umekua na vijidudu vya kwenu, kaka, tumbo limeshavizoea baadhi. Mlete mgeni au mtoto wa miezi nane anywe hayohayo ndipo uje na ushahidi.

Niko maabara. Watu wanaleta maji kwenye chupa ya soda, yamekaa kwenye gari tangu jana, wanataka majibu. Majibu ya hapo yatakuwa ya chupa na ya gari. Chupa inatakiwa iwe imetakaswa na ina dawa kidogo ya kuua klorini, la sivyo klorini inaendelea kuua bakteria njiani na kipimo kinatoka kizuri kuliko hali halisi. Choma mdomo wa koki, acha maji yatiririke, kinga, funga, weka kwenye boksi la barafu, yafike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana. Tunachotafuta ni bakteria wa kinyesi, E. koli. Kiwango kinachokubalika ni sifuri kwenye mililita 100. Hakuna cha "wachache tu".

Chukueni sampuli mbili, ya koki ya mwanzo inayotoka kwenye mita na ya ndoo ya kunywea. Mara nyingi ninazopokea zote mbili, ya koki ni safi na ya ndoo ndiyo imeharibika.

Na jingine, nisamehewe nikichepuka: kila homa ya Mwanza siku hizi ni "taifodi", mtu kapimwa Widali mara moja anameza dawa kali. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Halafu lawama zote zinakwenda kwa maji.

Mkerewe wa Kisiwani

Sisi visiwani bomba ni hadithi bado sehemu nyingi. Tunachota ziwani. Yakiwa na tope tunazungusha shabu, uchafu unakaa chini, kisha tunamimina ya juu na kuchemsha. Shabu haiui vijidudu, inatuliza tope tu, wengi wanaishia hapo na kunywa.

Kichocho ndicho kimetumaliza. Hakisubiri unywe, kinaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama majini unachota, unafua au unaogesha ng'ombe. Maji ya kuoga tunayaacha kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono, vile viluwiluwi vya kichocho vinakufa vyenyewe. Babu yangu alikuwa anafanya hivyo bila kuambiwa na daktari.

Shemeji wa Katoro

Huku upande wa Geita adui ni mwingine. Wachenjuaji wa dhahabu wanatumia zebaki, na tafiti zimewahi kukuta arseniki iliyopita kiwango kwenye baadhi ya vyanzo vya maeneo ya machimbo. Kiwango ni miligramu 0.01 kwa lita, huwezi kuionja. Mjomba wangu alichimba kisima akasherehekea na soda, kikapimwa bakteria pekee, kikapewa baraka. Nilimsumbua hadi akapeleka sampuli ya madini. Kama uko ukanda wa dhahabu, ukilipia kipimo cha bakteria tu umelipia nusu ya jibu.

Upande wa Shinyanga walikuwa na floridi kwenye visima, meno yanakuwa ya kahawia. Maji ya ziwa yanayosukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, yaliwaokoa wengi.

Msukuma Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Minnesota. Huku kila mfumo wa maji wa jumuiya unatakiwa kuwapa wateja ripoti kila mwaka, kabla ya 1 Julai: kilichopimwa, kiasi kilichokutwa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Usidhani wako salama kwa hiyo. Flint, Michigan, walibadilisha chanzo mwaka 2014, maji mapya hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani na risasi (madini ya sumu) ikaingia kwa watoto. Mtaani kwangu tunaulizana kama bomba la kuingia ndani ni la risasi au la shaba. Fundi ana haki, kipande cha mwisho ndicho cha kuogopa.

Ningependa kuona karatasi ya namna hiyo imebandikwa ofisi ya mtaa Mwanza. Kurasa mbili zinatosha.

Nyegezi Kona

Shemeji na Msukuma nimewapata. Swali kwa Koti Jeupe: miezi ile ziwa likitulia, ghuba yetu inapata utando wa kijani. Nao unaingia bombani?

Koti Jeupe

Ule ni mwani, mkuu, unaoshibishwa na majitaka na mbolea. Aina nyingine zinatoa sumu ya ini, mikrosistini, kiwango chake ni mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuchemsha hakuivunji. Tena ukiupiga klorini nyingi ukiwa hai, seli zinapasuka na sumu inamwagika majini, ndiyo maana mtambo unatakiwa kuugandisha na kuuchuja kwanza. Kwa mwenye bomba, mtambo ukifanya kazi yake uko pazuri. Wanaochota ziwani, akina Mkerewe, wasichote kwenye utando hata kama watachemsha, waende na mtumbwi hadi maji yanapokuwa safi. Na mbuzi wasinywe pale.

Mkerewe wa Kisiwani

Mbuzi wangu watanielewa vipi, mkuu? Mtumbwi ni wa kukodi. Nitaweka wigo.