Naomba ushauri: hadithi yangu ya Salem, mzuka uwe wa kweli au la?

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya fupi ya kutisha inayotokea Salem, Massachusetts (Marekani ya leo), mwaka 1692, wakati watu wengi walishitakiwa mahakamani kwa uchawi. Mhusika mkuu ni Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris, aliyekiri uchawi akabaki hai huku waliokana wakinyongwa. Walionyongwa ni 19, na mzee Giles Corey alikufa kwa kurundikiwa mawe kifuani baada ya kugoma kujibu shtaka.

Kilichonikwamisha ni hiki. Mahakama ile ilipokea ushahidi wa mzuka: msichana akisema umbo la jirani lilimjia usiku likamfinya na kumkaba, huyo jirani alishitakiwa hata kama usiku huo alikuwa kwake amelala fofofo. Sasa mimi nataka mzuka utembee kweli, msomaji nywele zimsimame. Lakini nikiuleta, si nitakuwa nawapa haki mahakimu? Watu wale hawakuwa na hatia. Kuna hata mtoto, Dorothy Good, wa miaka minne au mitano, aliyefungwa minyororo gerezani. Nikifika kwake kalamu inagoma.

Nimefikiria mizuka iwe ya walionyongwa, inayowarudia mashahidi. Au Tituba peke yake ndiye aione, msomaji asijue kama ni kweli au ni hofu ya gerezani. Naelemea hili la pili, ila naogopa hadithi itapooza.

Wenye uzoefu wa hadithi za kutisha, mngefanyaje? Na mahakimu niwaite kwa majina yao halisi au nibuni?