Naomba ushauri: gemu nililolipenda utotoni halinipi tena raha ileile

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nilikulia Magomeni, ambako tulicheza sana Super Mario Bros., gemu la Nintendo lililotoka Japani mwaka 1985, kwenye mashine ambazo kaseti yake ilipulizwa vumbi kwanza ndipo ichomekwe. Hivi karibuni nilinunua Kariakoo mashine ya aina hiyo ili nicheze na mwanangu, lakini moyo haukuchangamka: mikono bado inakumbuka pa kuruka na bomba lipi lina njia ya siri, ila ile hamu, na ule wasiwasi wa kubakiwa na roho moja (nafasi ya mwisho kabla gemu halijaisha), havipo tena. Kinachonigusa bado ni muziki wake, uliotungwa na Koji Kondo, kwani unapoanza nawakumbuka wenzangu tuliokuwa tukipokezana pedi ya kuchezea gemu, ambao wengi wao tumepotezana kabisa. Pengine nilichokipenda zaidi ni kule kusubiri zamu pamoja. Mwanangu analiona gumu, nami sitaki kumlazimisha. Je, wenzangu mliofikia umri huu, magemu yenu ya zamani mmeyaacha yabaki kumbukumbu, au mmepata namna ya kuyafurahia upya pamoja na watoto wenu?