WATOTO WA IGAWILO 🏡: gari la Mzee limelala Kabwe

Jumatano

17:42 Atu: Habari za jioni wapendwa. Narudia mara ya tatu tangu asubuhi. Gari la Mzee bado lipo Kabwe pembeni ya barabara, leo siku ya pili. Kesho saa 2 asubuhi Mzee ana kliniki ya kifua rufaa. Kila mtu aseme anatoa nini. Mimi nimeanza na 30,000.

17:43 Atu: Na mpaka sasa sijaambiwa Lusajo alifuata nini Kabwe Jumatatu usiku.

17:50 Atu: Naona mmesoma watu 14. Amejibu nani?

17:55 Amba Kyela: 👍

17:56 Atu: Kaka Amba, kidole si hela.

17:58 Amba Kyela: Kidole kinatangulia, hela inakuja na basi la kesho 😂

18:03 Lusajo: Shikamooni wote. Mama mkubwa, nipo hapa na fundi mwingine. Betri tuliichaji jana, starta inazungusha vizuri ila haishiki. Anasema mafuta hayapandi.

18:04 Lusajo: Halafu tulivyochomoa betri redio nayo imejifunga. Inaandika Kijapani, inataka namba ya siri.

18:06 Ipyana: Hiyo kawaida kwa gari za Japani. Ukichomoa betri, redio inadhani imeibiwa. Inakupa namba ndefu, unawapelekea wanaouza namba za kufungulia, wanakurudishia nyingine.

18:07 Mama Lusajo: Kwani mlikuwa mnasikiliza nini? Ile redio mwisho wake 90, stesheni za huku karibu zote ziko juu ya hapo.

18:08 Amba Kyela: Mzee atamkosa yule mama wa Kijapani. Kila akiwasha gari mama anasema kadi haijawekwa, Mzee anaitikia "ndaga mama" 😂😂

18:09 Mama Lusajo: 😂😂😂 Siku moja hakusema, Mzee akauliza leo amenuna?

18:10 Ipyana: Ile ni kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Gari limefika Mbeya, bado linadai ushuru wa Japani.

18:10 Atu: TAFADHALI. Tunaongelea kliniki.

18:21 Lusajo: 📷 Picha

18:21 Lusajo: Fundi amefungua chini ya dashibodi, amekuta hiki kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti. Waya wa pampu ya mafuta umekatwa ukapitishwa humo. Anasema pampu imezimwa kwa simu. Anauliza programu yake anayo nani.

18:22 Atu: Hiyo ni traka aliyofunga Gwakisa alipokuja Krismasi ile.

18:22 Atu: @Gwakisa Dar

18:31 Atu: @Gwakisa Dar naona umesoma.

18:34 Gwakisa Dar: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

18:35 Amba Kyela: Kimefutwa nini tena, wengine tulikuwa bado tunatafuta miwani 👀

18:41 Gwakisa Dar: Shikamoo dada. Shikamoo kaka. Niliizima mimi. Jumatatu, saa 5 usiku kasoro, simu ilipiga kelele kwamba gari limetoka Igawilo. Nikafungua ramani nikaliona limesimama Kabwe. Nimempigia Lusajo mara nne hapokei. Kabwe saa zile mtu hafuati mboga. Nikasema nizime kwanza, maswali asubuhi.

18:43 Gwakisa Dar: Asubuhi nafungua programu, inasema kifurushi cha mwaka kimeisha usiku uleule. Kitufe cha kuwasha kimekuwa cha kijivu, hakibonyezeki mpaka nilipie 150,000.

18:44 Mama Lusajo: Yaani kuzima bure, kuwasha laki na nusu?

18:44 Amba Kyela: Hiyo biashara natafuta mtaji wake leo hii

18:45 Atu: Gwakisa. Na tangu jana asubuhi umekaa kimya, Lusajo anasukuma gari? Kuchaji betri 5,000, fundi wa kwanza kala 20,000, mlinzi 3,000 kila usiku. Unajua yote hayo na hapa unasoma.

18:47 Gwakisa Dar: Nilikuwa naitafuta hiyo hela dada. Sikutaka kuleta usumbufu kwenye grupu.

18:48 Mama Lusajo: Hata mashine ya Ushirika hukutaka kuleta usumbufu.

18:50 Tumaini Tunduma: Amina 🙏

18:52 Gwakisa Dar: Dada Bupe, yale tuliyamaliza mbele ya Mzee.

18:53 Mama Lusajo: Mliyamaliza nyie. Mimi nilikuwa Chunya, nikaambiwa kwa simu kwamba yameisha.

18:54 Amba Kyela: Jamani mashine iacheni, hata mkanda wake ulishaoza.

18:54 Mama Lusajo: Mkanda umeoza, hela yake haijaoza.

18:56 Ipyana: Ila kwa kweli huu mchezo uko kila mahali. BMW mwaka 2022 walianza kuwalipisha watu wa Uingereza na Korea Kusini kwa mwezi ili kiti kitoe joto. Na nyaya za joto zimo tayari ndani ya kiti, umeshanunua. Watu wakachachamaa, 2023 wakaacha. Mercedes nao mwaka huohuo 2022 wakatangaza kule Marekani dola 1,200 kwa mwaka ili gari lao la umeme lichanganye kasi haraka zaidi. Mota ni ileile, wanafungua tu kufuli.

18:57 Amba Kyela: Joto la viti wangelileta Makete Julai hii, watu wangelipa hata kwa viazi.

18:58 Ipyana: Na 2022 hiyohiyo mitandao ya 3G ilizimwa Marekani. Magari mengi yaliyokuwa yanaita msaada yenyewe ukipata ajali yakawa mabubu. Gari zima kabisa, mtandao ndio umekufa.

19:00 Amba Kyela: Sisi mbona tumezoea. LUKU ukinunua umeme na kodi ya jengo imo humohumo, 1,500 kila mwezi. Halafu mmesahau Novemba 2024 mita zilipotaka namba mpya? Bupe anaingiza tarakimu 20, mara mbili, tochi kaishika kwa meno.

19:02 Mama Lusajo: Na wewe ndiye ulikuwa unanisomea kwa simu, ukaruka saba.

19:02 Amba Kyela: Saba ilikuwa imejificha 😂

19:03 Atu: Kaka Amba wewe ni mkubwa. Nisaidie.

19:10 Lusajo: Fundi anasema kuna njia mbili. Hiyo 150,000 ilipwe, gari liwashwe kwa simu. Au atoe kidude aunganishe waya wa pampu kama ulivyotoka kiwandani. Dakika 20, anataka 15,000.

19:11 Gwakisa Dar: Mwambie asiguse. Noah zinaibiwa sana. Na traka ile nilinunua kwa hela yangu.

19:13 Atu: Mimi naona tulipe mwaka huu mmoja, gari litoke, tukitulia tujadili. 150,000 kwa watu 8 ni 18,750 kila mmoja. Nimeshapiga hesabu.

19:14 Mama Lusajo: Nichange ili mtu aliyeko Dar aweze kuzima tena?

19:15 Atu: Bupe, kesho saa 2.

19:15 Mama Lusajo: Najua kesho saa 2. Nauliza keshokutwa.

19:17 Ipyana: Shangazi Atu, kingine, kila gari lilikopita kumeandikwa kwenye mitambo ya watu tusiowajua. Marekani mwaka 2024 iligundulika General Motors walikuwa wanatoa taarifa za uendeshaji wa wateja, hadi anayefunga breki kwa ghafla, zinaishia kwa watu wa bima.

19:18 Amba Kyela: Mzee wangemfilisi. Yeye breki anaanza Uyole anamalizia Igawilo.

19:31 Lusajo: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

19:31 Lusajo: Ni Babu.

19:33 Amba Kyela: Iandike Lusajo, bando langu limebaki la maandishi tu.

19:46 Lusajo: Naandika kama alivyosema. "Hamjambo wanangu. Nimesomewa mnayoongea. Mnatafuta gari lilifuata nini Kabwe. Nilikuwemo mimi. Kifua kilibana, dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha, nikamwamsha mtoto huyu anipeleke kwenye duka la usiku. Simu yake aliiacha kwenye chaji. Tulipotoka dukani gari likakataa. Nimekaa humo na blanketi mpaka saa 7 ndipo tukapata bajaji. Nilimkataza asiwaambie, maana mngeanza kupigiana simu usiku, na mimi nilijua ni gari limezeeka kama mimi. Sasa Gwakisa. Gari hili mlinipa mkono kwa mkono, mchungaji akiwepo. Kama mlinipa, ufunguo wake ni huu ulioko mfukoni mwangu. Kama upo mwingine Dar es Salaam, niambieni niwarudishie na huu. Nimemaliza."

20:19 Gwakisa Dar: Baba nisamehe. Sikujua ulikuwemo.

20:21 Atu: Pole sana baba.

20:21 Amba Kyela: Pole Mzee.

20:24 Mama Lusajo: Pole baba. Lusajo, kwa hiyo siku mbili nakusema bure na wewe unaniangalia tu.

20:25 Lusajo: Babu alinikataza mama.

20:30 Gwakisa Dar: Lusajo, mwambie fundi akitoe.

20:33 Lusajo: Anko, fundi ameondoka saa 2 kasoro, alichoka kusubiri tukubaliane. Amesema anakuja kesho saa 1, ila atumiwe nauli kwanza.

20:34 Atu: Fundi saa 1, kliniki saa 2, gari Kabwe, mgonjwa Igawilo. Haiwezekani.

20:35 Amba Kyela: Bajaji?

20:36 Atu: Kwa kifua kile na baridi ya asubuhi, kaka? Nakodi teksi. Kwenda, kusubiri na kurudi. Hela iliyopo ni 30,000 yangu mwenyewe.

20:41 Gwakisa Dar: Natuma 40,000 saa hii dada. Ila Lusajo usikitupe kile kidude, kina laini yenye jina langu.

20:42 Mama Lusajo: 🙄

20:42 Amba Kyela: Mimi nitaleta mchele, kilo 20. Dereva wa teksi hali?

20:58 Atu: Gwakisa sijaona kitu.

21:04 Gwakisa Dar: Mtandao unazunguka dada, subiri kidogo.

21:17 Shangazi Tusa: Hamjambo wote. Samahanini, simu ilikuwa imejifunga tangu mchana, hizi za mkopo usipolipa ya siku inageuka kioo cha kujitazamia. Nimelipa sasa hivi ndio naona ujumbe umejaa. Gari la kaka nani kaliuza?

21:18 Atu: Shikamoo shangazi. Halijauzwa.

21:20 Shangazi Tusa: Marahaba. Sasa mnachanga nini?

21:24 Amba Kyela: Shangazi soma kuanzia juu, ukifika kwenye mashine ruka.

21:31 Gwakisa Dar: Dada imerudi. Inasema nimefikia kiwango cha leo. Asubuhi nikiamka tu.

21:33 Atu: Asubuhi saa ngapi