Picha ya usiku Ndundulu: huyu ni minde au funo tu?

Manyoya_Kilolo
Wakuu, habari za jioni. Niko Udekwa, nasaidia utafiti wa ndege upande wa msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, tumezifunga chini, usawa wa goti, maana tunayemtafuta ni kwale wa Udzungwa, yule ambaye mwaka 1991 watafiti wa Denmark walishtukia miguu yake ndani ya sufuria ya kitoweo. Kwale mwenyewe katokea mara chache, anaparura majani na wenzake, basi. Kadi imejaa wageni: panya buku, nungunungu, kanu, na sange, kale kamnyama ka pua ndefu, anayechokonoa majani kwa pua mchana kweupe.

Sasa kuna picha moja ya saa nane usiku. Mnyama jamii ya paa, mweusi, mwili mzito, shingo nene, katupa makalio kwenye kamera na kichwa kakigeuza kidogo. Utosini ana kishungi. Mzee tunayetembea naye, aliyewahi kuwinda enzi zake, kasema "minde" kabla sijamaliza kumwonyesha. Bosi anasema funo mpaka apewe ushahidi. Picha za usiku hazina rangi, nitamtofautishaje?

Kororo
Kishungi kisikudanganye, funo naye anacho. Weusi nao usiuamini sana kwenye picha ya infraredi. Amua kwa ukubwa: funo ana kilo kama 15, minde huvuka 50. Kamera usiiguse. Simika fito yenye alama za kila sentimita kumi pale pale alipokanyaga, piga picha, linganisha na bega. Bosi hatakuwa na la kusema.

BabuWaRungwe
Mzee wa kuwinda namwamini kuliko bosi, samahani. Minde yuko Tanzania peke yake, na alivyo msiri, picha ya kwanza ya minde akiwa porini ilipatikana 2003, kwa kamera ya mtego, huko huko Udzungwa.

Ila mimi umenishtua na sange, na wewe umempitia juu juu! Mkuze umwangalie uso. Mwaka 2005 kamera ilimnasa Ndundulu sange ambaye sayansi haikuwa inamjua, akatangazwa rasmi 2008. Uso kijivu, makalio meusi. Ukiona madoa yamejipanga mgongoni, huyo ni mwingine.

Dogo_Moro
Mkuu tupia na kodineti tujue ni wapi hasa

Kororo
Usithubutu. Picha sawa, mahali hapana. Wenye nyaya za kutegea nao wanasoma humu.

Manyoya_Kilolo
Kodineti hazitoki, Dogo, samahani. Fito naipeleka kesho. Sange nimemkuza: paji kijivu, nyuma meusi tii. Nimemtumia bosi, kajibu "mh". Kwake hilo ni neno kubwa.

Jingine: kamera ya kwenye uwazi karibu na kijito inajaza kadi picha tupu, mchana kutwa hakuna kitu.

BabuWaRungwe
Ni jua linalokusumbua hapo. Kihisio kinafuata joto linalosogea, na jani lililopashwa jua likipepea kinadhani ni mnyama. Ondoa majani yanayoning'inia mbele ya lenzi, geuza kamera itazame kaskazini au kusini, na usiifunge kwenye mti mwembamba unaoyumba. Ikigoma, ihamishie kivulini.