Mafundi wa Bukavu acheni kutuuzia demareri bila kupima kitu!

Leo sinyamaze. Naongea na nyinyi mafundi wa hapa Bukavu, si wote, ni wale wenye kila gari ikikataa kuwaka jibu lao ni moja tu, "patro, demareri imekufa, leta feza tutafute ingine." Demareri njo ile moteri ndogo ya umeme yenye inazungusha moteri ya gari mpaka iwake. Hamujafungua kitu, hamujapima kitu, mmesikia ile klak chini ya kapo na tayari mmeshakata maneno.

Gari yangu ni Toyota Corolla ya 1997, otomatiki, inafanya taksi Nyawera, Essence, Panzi, njo inalisha watoto. Sasa kila mwenye anakaa huku anajua tunaishi juu ya milima, mwenye gari ya vitesi za mkono demareri ikimsumbua anaipaki juu ya mteremko, asubuhi anaiachia inashuka, anatia ya pili, inawaka, anaenda zake. Otomatiki haina huo msaada, hata vijana wote wa Kadutu waje kusukuma haitawaka. Kwa hiyo demareri ikigoma mimi nimesimama, na nikibahatika kuwasha siwezi kuzima tena, nangojea mteja moteri inanguruma na esanse inaisha bure.

Mara ya kwanza garaji ikaweka demareri ya okazio, yenye imeshatumika, wakasema imetoka Japani na iko safi. Ikakaa wiki chache, klak. Nikarudi, wakasema sasa ni batri. Nikanunua batri mpya kabisa. Klak. Wakasema basi ile okazio haikuwa muzuri, tuweke ingine, na feza ya kazi nilipe tena, kama vile mimi njo niliichagua sokoni! Hapo katikati mmoja wao anaipiga na nyundo mbele yangu, inawaka, ananiambia "unaona patro, imepona." Imepona nini?? Ukiipiga nyundo ikazunguka ni alama, inakuonyesha ndani kuna kitu hakigusani vizuri, sharbo (vile vipande vya kaboni vyenye vinapitisha umeme) zimekwisha ama shaba za solenoidi (ile swichi kubwa ya demareri) zimelika, sasa fundi akishaona hiyo alama anafungua anaangalia, hapokei feza na kumuacha mtu aende nayo kwenye barabara usiku. Mwengine alitaka kuleta batri za kamio aunganishe volti 24 eti "tuipe nguvu." Nilikataa. Gari ni ya volti 12, ikiungua nani atalipa?

Mwenye alinisaidia ni mzee mmoja elektrisie, hana hata garaji, anafanyia kazi kando ya barabara. Yeye mbele ya kugusa bulo hata moja alitoa testeri. Akapima batri gari ikiwa imezima, volti 12.6, imejaa. Akasema "mwanangu, ingia ushike kle." Nikawasha, ikazunguka polepole kwa shida, kwenye batri ikashuka mpaka 10.8, na hiyo haina shida, batri nzima haipashwi kushuka chini ya 9.6 hivi wakati demareri inazunguka. Kisha akahamisha nyaya za testeri mpaka kwenye demareri yenyewe, moja kwenye ile ekru kubwa, moja kwenye mwili wake, akaniambia tena washa. 8.3! Yaani volti mbili na nusu zimepotelea njiani na hakuna mtu aliwahi kuuliza zinaenda wapi. Akatafuta ni upande gani. Toka plisi ya batri mpaka ekru kubwa, 0.4, inavumilika. Toka minisi ya batri mpaka mwili wa demareri, 2.1. Masi, ile njia ya umeme kurudi kwenye batri! Upande wa masi inapashwa kubakia kwenye 0.2 ama 0.3.

Tukafuata kable. Jamani. Gari iliingia katika ile garaji na kable yake nene ya masi, imefungwa juu ya bwate ya vitesi kama ilivyotoka. Walipokuwa wanashusha demareri waliikata, wakaunga kawaya kembamba ka kuwashia ampuli ya nyumba, wakakafunga juu ya bati lenye rangi na kutu, wakazungusha skochi, wakanipa hesabu. Na kose ya minisi, kile chuma chenye kinashika batri, ilikuwa kijani ndani, hakuna mwenye aliipitisha hata msasa.

Mzee akanieleza vizuri na nataka wote musikie. Demareri ya kagari kama haka inaweza kuvuta ampea 150 na zaidi. Kizuizi cha omu 0.01 tu, kadogo hata testeri ya kawaida haikaone ukipima omu gari imelala, kanakula volti 1.5 ile dakika unashika kle. Njo maana lazima upime volti demareri ikiwa inavuta, si gari imezima. Na umeme ukipungua solenoidi haina nguvu ya kushikilia, inashika inaachia, inashika inaachia, tatatata, na kila mara ikiachia kunatoka cheche inaunguza shaba. Kwa hiyo hata ungeniwekea demareri mpya ya kwenye kartoni, ile masi ingeiua tu. Walikuwa wananiuzia kitu cha kuungua!

Nilienda kudai zile za zamani. Walinipa ile okazio ya kwanza, mzee akaifungua: bobinaje (nyaya zenye zimezungushwa ndani) safi, sharbo bado ndefu, shaba moja tu imelika upande. Akabadilisha shaba, ikazunguka. Bei yake haifiki hata robo ya yenye walinilipisha. Lakini demareri yenye ilikuja na gari, wanasema "tulitupa." Nani anatupa demareri Bukavu, mji wenye hata bulo ya kutu inapata mnunuzi? Iko chini ya gari ya mtu mwengine sasa hivi, amelipishwa bei ya okazio safi ya Japani.

Jina la garaji sitalitaja, wenyewe wakisoma watajijua. Nataka demareri yangu ya kwanza, nataka kable yangu, na nataka feza ya kazi ya kila mara walipofungua bila kupima. Na nyinyi wenzangu wa taksi andikeni hapa chini: walipima kwenye batri NA kwenye demareri kle ikiwa imeshikwa, ama hawakupima? Masi waliigusa? Piesi yako ya zamani walikupa mkononi, ama na wewe walikuambia wametupa?